Kamba ya Fremont

Vijana wangu, leo nawapeleka mbali, mpaka mji wa Fremont katika jimbo la California, Marekani, kusini ya Oakland, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Habari nitakayowasimulia ni ya kweli. Wasomi wameichunguza, waliokuwamo wameieleza kwa vinywa vyao, na vyuo vya biashara huifundisha mpaka leo. Ni habari ya kiwanda kilichofungwa kwa sababu wafanyakazi wake, ilisemwa, hawafai kabisa. Kisha kikafunguliwa tena, kwa sehemu kubwa na wafanyakazi walewale, na muda si mrefu kikawa miongoni mwa viwanda bora vya magari Marekani nzima.

Nimeichagua kwa kuwa wengi wenu, inshallah, mtakuja kuwekwa juu ya watu. Mmoja atakuwa na saluni yenye wasichana wanne, mwingine gereji, mwingine atakabidhiwa idara ya watu 60 na huku ndevu zake bado zinahesabika. Siku hiyo ikifika utawasikia wenye uzoefu wakikunong'oneza: "Hawa ukiwachekea, watakupanda kichwani." Kabla hujawaamini, sikiliza yaliyotokea Fremont.

Kiwanda kilikuwa mali ya General Motors, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote za magari duniani, na kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa ambaye hajawahi kuona kiwanda cha kuunganisha magari, ngoja nieleze. Gari haliundwi likiwa limetulia mahali pamoja. Linaanza kama bodi tupu, linawekwa kwenye laini inayotembea polepole, na kila baada ya hatua chache amesimama mtu na zana zake. Huyu anafunga kiti, yule anapachika taa, wa tatu anaunganisha mipira ya breki. Gari likifika mbele yako una kama dakika moja. Likishapita limepita, linakuja jingine. Hivyo mpaka mapumziko, hivyo mpaka zamu iishe, miaka nenda miaka rudi.

Pale Fremont kulikuwa na amri iliyozizidi amri zote: laini isisimame. Iwe iwavyo, isisimame. Meneja alipimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka, na kila dakika ya laini kusimama ilihesabiwa kuwa fedha iliyomwagika. Sasa tuseme wewe ndiye wa kufunga kiti. Bolti imeingia upande, haikazi. Utafanya nini? Ukimwita msimamizi, atakuuliza kama umekuja kufanya kazi au kulalamika. Ukiisimamisha laini, umejiandikia barua ya kufukuzwa. Basi unaliacha gari liende na bolti yake mbovu. Wa mbele yako anaiona, naye anatandika zulia juu yake. Wa tatu hajui lolote. Mwisho wa safari gari linasukumwa nje, uwanjani, kwenye kundi la magari yanayosubiri kutengenezwa upya, na huko fundi anabandua zulia, anang'oa kiti, anahangaika na bolti ambayo mwanzoni ingemalizwa kwa nusu dakika.

Waliofanya kazi humo wamesimulia makubwa kuliko hayo: magari yaliyofika mwisho wa laini bila usukani, injini zilizofungwa nyuma mbele, gari la aina moja lililopachikwa uso wa aina nyingine. Yote yalipita mbele ya macho ya watu, na watu wakanyamaza.

Mtu akinyamazishwa muda mrefu hutafuta njia nyingine ya kusema. Pombe ikanywewa kazini. Kamari ikachezwa. Wengine walitumbukiza chupa za soda ndani ya milango ya magari, ili mteja akiendesha asikie mgongano na asijue unatoka wapi. Utoro ulifikia kiasi kwamba katika kila watu 5, mmoja hakuja kazini, na Jumatatu nyingine laini haikuweza kuanza mpaka watafutwe watu wa kuziba mapengo. Malalamiko yaliyofikishwa kupitia chama cha wafanyakazi yakarundikana kwa maelfu bila kusikilizwa. Wasimamizi wakajibu kwa ukali, ukali ukazaa ukaidi, ukaidi ukazaa ukali zaidi. Mwaka 1982 General Motors ikafunga milango, na maelfu ya watu wakarudi nyumbani.

Ukiwauliza wakubwa wa wakati ule kitu gani kilikiua kiwanda, jibu lilikuwa mdomoni tayari: watu wabovu. Sifa yao ilikuwa ya wafanyakazi wabaya kuliko wote katika viwanda vya magari vya Marekani, na hata kiongozi wa chama chao alikiri baadaye kwamba sifa hiyo hawakusingiziwa. Mimi simlaumu aliyeamini hivyo. Ukikuta mtu amelewa karibu na mtambo, na mwenzake ameficha chupa mlangoni mwa gari la mteja, utasema nini kingine?

Miaka ileile, upande wa pili wa bahari, Toyota ilikuwa na shida yake. Mwaka 1981 Japani, kwa kubanwa na Marekani, ilikubali kuweka kikomo cha magari inayopeleka huko. Njia iliyobaki ilikuwa kuyaunda hukohuko. Lakini Toyota ilikuwa na wasiwasi: je, utaratibu wake wa kazi, uliolelewa na Wajapani miaka mingi, ungekubali mikononi mwa Wamarekani wenye chama chao na mazoea yao? General Motors nayo ilikuwa haijaweza kuunda gari dogo lenye ubora na bado ikapata faida. Mwaka 1983 wakubwa wawili, Eiji Toyoda wa Toyota na Roger Smith wa General Motors, wakaafikiana kuanzisha kampuni ya ubia iliyoitwa kwa kifupi NUMMI, ndani ya jengo lililofungwa la Fremont. General Motors ilitoa jengo, Toyota ikashika usukani wa uongozi.

Hapo likazuka suala la watu. Nani ataajiriwa? Toyota haikuwa na hamu na kundi lenye sifa ile. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kupitia kiongozi wake wa upande wa magharibi, Bruce Lee (huyu ni mwingine, wamefanana jina tu na yule wa filamu za kung fu), kikasimama imara kwamba waliopoteza kazi wafikiriwe kwanza. Mwisho Wajapani wakakubali. Uzalishaji ulipoanza, kama watu 85 katika kila 100 walikuwa walewale wa zamani, wakiwemo viongozi wa chama waliokuwa mwiba machoni pa General Motors.

Rais wa kwanza wa kampuni hiyo alikuwa Tatsuro Toyoda, na hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, kwa babu yake. Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala aliyetumia maisha yake kuunda mashine za kufumia nguo. Ile iliyomletea sifa kubwa, ya mwaka 1924, ilikuwa na tabia moja: uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Kwa mashine isiyo na akili hiyo, uzi unakatika, kazi inaendelea, na mtu anapogundua tayari ana jora zima lenye dosari. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ikanunua haki za mashine hiyo. Mtoto wa Sakichi, Kiichiro, akaingia kwenye magari, na kanuni ya uzi ikaingia naye: kosa likitokea kazi isimame palepale, litengenezwe, ndipo safari iendelee. Kwa hiyo mjukuu alipofika Fremont, alikuja na jambo lililokaa katika ukoo wake miaka 60.

Kabla laini haijawashwa, mamia ya waliochaguliwa kuongoza vikundi walipandishwa ndege kwenda Japani, kwenye kiwanda cha Takaoka kinachounda Corolla, si mbali na Nagoya. Walikaa wiki mbili, wengine tatu. Kutwa walikuwa kwenye laini, kila mmoja bega kwa bega na Mjapani mwenye kazi kama yake.

Kitu kilichowaduwaza ni kamba. Ilikuwa imetandazwa juu ya laini, mahali ambapo mkono wa kila mfanyakazi unafika. Tazama inavyotumika. Kijana mmoja wa Kijapani anafunga bolti, bolti inamkataa. Ananyoosha mkono, anavuta. Muziki unaanza kulia, wimbo mfupi wa kikundi chake, na kwenye ubao ulioko juu inawaka taa yenye namba ya kituo chake. Ubao huo Wajapani huuita andon. Kiongozi wa kikundi anakuja haraka, na anapofika hafoki. Anamuuliza: kuna nini, nikusaidie wapi? Wanainama wote wawili. Wakimaliza kabla gari halijafika alama iliyochorwa sakafuni, kamba inavutwa tena, muziki unazima, na laini haikusimama hata kidogo. Wasipomaliza, inasimama. Watu wa sehemu ile wanasubiri, na hakuna anayemtupia kijana jicho la lawama.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huisahau. Baada ya hapo wanarudi kuulizana: kwa nini bolti iliingia upande? Kwa sababu tundu limekaa vibaya. Kwa nini limekaa vibaya? Kwa sababu kifaa cha kutobolea kimelegea. Kwa nini kimelegea? Wanaendelea hivyo mpaka wafike kwenye mzizi, na kesho bolti ile haimsumbui mtu tena. Swali la "nani kafanya?" halitangulizwi, kwa sababu ukilitanguliza, kesho hakuna atakayevuta kamba, na wewe kiongozi utabaki kipofu ndani ya kiwanda chako mwenyewe.

Wamarekani wale walikuwa na miaka 10, 15, wengine 20 ya kuunda magari, na mtu kuulizwa na mkubwa wake "nikusaidie wapi?" lilikuwa jambo geni kabisa kwao. Siku za kuagana zilipofika, watu wazima wenye mikono ya chuma, waliozoea kutukanana na mabosi wao, waliwakumbatia wenyeji wao huku machozi yanawatoka.

Mmoja wa walioandaa mafunzo hayo alikuwa John Shook, Mmarekani aliyeajiriwa na Toyota huko Japani. Mwaka 2010 aliandika alichojifunza: hawakuanza kwa kubadili mawazo ya watu, walianza kwa kubadili wanachofanya kila siku, na mawazo yakafuata nyuma. Hili naomba mlishike sana. Kwetu, kiongozi mpya akiingia ofisini huitisha kikao kirefu, akawaasa watu wabadilike, wawe na moyo wa kujituma. Watu husikiliza, hupiga makofi, na kesho yake wanakuta kila kitu kiko vilevile: fomu ileile, foleni ileile, stoo ileile isiyo na vifaa, bosi yuleyule anayekunja uso akipelekewa tatizo. Watabadilikaje?

Desemba 1984 gari la kwanza, Chevrolet Nova, likatoka kwenye laini ya Fremont. Ndani ya kiwanda mengi yalikuwa yamegeuzwa. Mameneja hawakuwa na maegesho yao peke yao wala chumba chao cha kulia. Wote walipanga foleni moja na sahani mkononi. Wafanyakazi waliwekwa katika vikundi vidogo vya watu wasiozidi 8 hivi, kila kikundi na kiongozi wake aliyejua kazi zote za kikundi na aliyekuwa tayari kushika nafasi ya yeyote. Utitiri wa vyeo uliokuwa ukimfanya mtu aseme "hiyo si kazi yangu" ukafutwa, na wafanyakazi wote wa laini wakawa wa daraja moja, wakibadilishana kazi.

La saa ndilo linalonivutia zaidi. Kiwanda cha zamani kilikuwa na wahandisi wapatao 80 ambao kazi yao ilikuwa kuamua kila mtu afanye nini na kwa sekunde ngapi. Wafanyakazi waliwaona kama wapelelezi. Mhandisi akitokea na saa mkononi, mtu alipunguza mwendo makusudi, ili apangiwe muda mrefu na baadaye apate wa kupumzikia. Toyota ikawakabidhi saa wafanyakazi wenyewe. Wakapimana, wakabishana, wakaandika namna bora ya kufanya kila kazi, na yeyote aliyepata njia nzuri zaidi aliruhusiwa kuileta ijaribiwe. Paul Adler, msomi aliyekichunguza kiwanda hicho kwa karibu, aliona kwamba kazi yenyewe haikuwa nyepesi kuliko ya zamani. Ilikuwa na nidhamu kali, kila hatua imeandikwa. Tofauti ni kwamba walioziandika ndio waliozitembea.

Lakini tuseme ukweli, saa na kamba mtu anaweza kuvipokea na bado moyo wake akauweka mbali. Fikiri: unaambiwa ulete wazo la kufanya kazi ya watu watano ifanyike na wanne. Wazo unalo. Utalitoa, na wewe ndiye wa tano? Ndiyo maana katika mkataba baina ya kampuni na chama kuliandikwa ahadi: hakuna atakayepunguzwa kazi mpaka hali ya kampuni iwe mbaya kupindukia, na kabla ya kufika huko mishahara ya wakubwa itakatwa kwanza, na kazi zilizopewa wakandarasi wa nje zitarudishwa ndani.

Ahadi ya kwenye karatasi haina gharama. Gharama ilikuja mwaka 1988. Nova haikuuzika vizuri, na kiwanda kikawa kinafanya kazi kwa kiasi kisichofika thuluthi mbili ya uwezo wake. Watu wa zamani walishaona mambo hayo. Waliijua barua inayofuata. Wakaisubiri. Haikuja. Waliozidi kwenye laini wakatolewa, wakapelekwa kwenye mafunzo, wengine kwenye vikundi vya kutafuta kasoro na kuzirekebisha, wengine kwenye ukarabati wa kiwanda chenyewe, na mishahara ikaendelea kuingia. Kama mtu ataniuliza ni siku gani kiwanda cha Fremont kilipata wafanyakazi wake hasa, sitataja siku ya ndege ya kwenda Japani. Nitataja mwaka huo ambao kila mtu alikuwa na sababu ya kuogopa na kampuni ikatimiza neno lake.

Na matokeo? Utoro ulioanzia kwenye mtu mmoja kati ya watano ukashuka mpaka chini ya watu 5 katika 100. Watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walilinganisha viwanda vitatu katikati ya miaka ya 1980. Kiwanda cha General Motors cha Framingham, kilichoendeshwa kwa mtindo wa zamani, kilitumia saa 31 za kazi kuunganisha gari moja. Takaoka ilitumia saa 16. Fremont, ikiwa bado mpya katika mtindo huo, ilitumia saa 19, na ubora wa magari yake ulikuwa sawa na wa Takaoka. Framingham ilijilimbikizia vipuri vya wiki mbili, kwa sababu haikuamini kwamba vitakavyokuja kesho vitakuwa vizima. Fremont ilikaa na vya siku mbili.

Nisingekuwa mkweli kama ningewaachia picha ya peponi. Laini ilikwenda kasi. Katika kila sekunde 60, mfanyakazi wa NUMMI alikuwa mikono kazini kwa kama sekunde 57, wakati mwenzake wa zamani alikuwa na 45 hivi. Mwaka 1988 waandishi wawili wa harakati za wafanyakazi, Mike Parker na Jane Slaughter, waliandika kitabu wakiukosoa mtindo huu, wakauita uongozi wa kumweka mtu katika shinikizo muda wote. Na mwaka 1993, baada ya kiwanda kubadilisha muundo wa gari kwa haraka na watu wengi kuumia viungo, mamlaka ya usalama kazini ya California iliiandikia kampuni makosa. Chama kilipiga kelele, na kilikuwa na haki. Kiongozi mzuri naye anahitaji mtu wa kumwambia kamba imevutwa.

Sasa swali linakuja lenyewe: General Motors, yenye viwanda kila pembe ya Marekani, ilikuwa mwenye nyumba pale. Ilishindwaje kuchukua dawa hiyo ikaipeleka kwingine?

Ilijaribu. Husimuliwa kwamba bosi mmoja aliagiza kiwanda kipigwe picha kila kona ili kinakiliwe kilivyo. Kiwanda cha Van Nuys, karibu na Los Angeles, kikapewa vikundi, kikapewa na kamba. Lakini mameneja wake waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari, kwa hiyo kamba ikivutwa nyuso zilikunjamana, na wavutaji wakaelewa. Wafanyakazi nao wengi waliona vikundi ni ujanja wa kuwagombanisha na kupunguza ajira, na sidhani walikuwa na sababu ya kuona vingine, maana hakuna aliyewapa ahadi ya aina ile ya Fremont na kuilipia. Picha ilionyesha kamba. Haikuweza kuonyesha sura ya kiongozi anapofika pale kamba ilipovutwa. Van Nuys ikafungwa mwaka 1992.

Miaka ikaenda. Fremont ikaunda Corolla, ikaunda malori madogo ya Tacoma, na kwa miaka 25 haikumpunguza kazi mtu hata mmoja. Mwaka 2009 General Motors ikafilisika na kujitoa kwenye ubia. Toyota ikaachwa peke yake, na tarehe 1 Aprili 2010 Corolla nyekundu, gari la mwisho, likatoka. Watu wapatao 4,700 wakapoteza kazi. Wengi wao walihisi wamesalitiwa, na hakuna maelezo ya kibiashara yatakayonifanya niseme hawakuwa na haki ya kuumia. Jengo likanunuliwa na Tesla, ambayo inaunda magari humo hadi leo.

Toyota yenyewe haikusalimika. Katika miezi ileile ilikuwa ikiyaita mamilioni ya magari yake yarudi kurekebishwa, na Februari 2010 rais wake, Akio Toyoda, kitukuu cha yule mwenye mashine ya kufuma, alikaa mbele ya Bunge la Marekani akakiri kwamba kampuni ilikua kwa kasi iliyozidi uwezo wake wa kuwalea watu. Sikiliza vizuri alichokitaja: watu. Hakusema mitambo.

Nawaombeni, basi, ninyi mtakaopewa watu. Mtu wako akija kukueleza kwamba kitu kimeharibika, hasa kama aliyekiharibu ni yeye, jichunge uso wako kwanza, maana wengine wote wanautazama kujua kama siku nyingine waseme au wanyamaze. Ukiahidi, ahidi kile utakachoweza kukitimiza mwaka wa njaa. Na kabla hujasema watu wako ni wabovu, kaa kwenye nafasi zao wiki nzima, ufanye kazi yao kwa vifaa vyao.

Mwenye shaka kwamba watu wa Fremont waliijua kazi anaweza kuona kwa macho yake hukuhuku kwetu. Kati ya mwaka 2002 na 2004 waliunda gari la usukani wa kulia kwa ajili ya soko la Japani, linaitwa Toyota Voltz. Baadhi ya magari hayo, yakiwa yametumika, yaliletwa Afrika Mashariki, na yapo yanayotembea mpaka sasa katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi.